Mtoto Aanzishwe Lini Chakula?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa tone, kisha akamwekea riziki yake kifuani mwa mama kabla hajaijua njaa. Rehma na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Katika darsa za akina mama, ukiondoa mas-ala ya twahara, swali linalotufikia mara nyingi ni hili: mtoto mchanga aanzishwe lini chakula? Huulizwa kwa sauti ya chini, na aghalabu nyuma yake pana jambo jingine lisilotajwa. Mavyaa amesema hivi, mwuguzi wa kliniki amesema vile, na mume amenyamaza. Kwa hivyo anayeuliza habari ya uji, mara nyingi auliza pia habari ya nyumba yake. Nasi tumeona ni vyema tuyaandike yote mawili pamoja, kwani hayatengani.

Tuanze na Kitabu cha Mola wetu. Katika Suratul Baqarah, aya ya 233, Mwenyezi Mungu ametaja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Papo hapo akamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa wema, na akakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Kisha akaja kwenye kuachishwa ziwa kabla ya muda huo, na akaweka masharti mawili: wazazi wawe wameridhiana, na wawe wameshauriana. Wafasiri wameeleza kuwa haitoshi mmoja wao kuamua peke yake bila ya mwenziwe.

Litazame jambo hili kwa makini, ewe mzazi. Mola aliyeziumba mbingu hakuliona ziwa la mtoto mchanga kuwa ni jambo dogo la jikoni. Ameliteremshia hukmu ya mashauriano. Ni kweli kwamba aya yazungumzia kuachishwa ziwa, na kumwanzisha mtoto chakula si kumwachisha. Lakini kijiko cha kwanza ndiyo hatua ya kwanza ya safari hiyo, na mwenye kuamrishwa kushauriana mwisho wa safari hakosi faida akishauriana mwanzo wake.

Wala tusidhani kuwa wanavyuoni wetu hawakuujali wakati huo wa mwanzo. Mtoto yeyote aliyepita madrasani hapa pwani amesoma Safinatun Najaa. Katika mlango wa najisi amefundishwa kwamba najisi hafifu ni mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajala kisichokuwa maziwa na hajatimiza miaka miwili. Asili yake ni hadithi ya Ummu Qays binti Mihswan, ambayo wameipokea Bukhari na Muslim. Alimleta kwa Mtume (S.A.W.) mwanawe mdogo ambaye alikuwa hajaanza kula chakula. Mtume akampakata, mtoto akamkojolea nguoni, naye akaitisha maji akayanyunyizia pale, wala hakuiosha nguo. Kwa hivyo, katika fiqhi yetu ya Kishafi, mtoto wa maziwa tu ana hukmu yake, na mtoto aliyeanza kula ana hukmu nyingine. Mama anayemwanzisha mwanawe wa kiume uji ajue kuwa tangu siku hiyo nguo zaoshwa, kunyunyizia hakutoshi tena. Ama wa kike, mkojo wake waoshwa tangu mwanzo.

Lakini sheria haikututajia kuwa chakula kianze mwezi wa tatu, wa nne wala wa sita. Jambo hilo imetuachia tulitafute kwa wajuzi wake, kama ilivyotuamrisha kuwauliza wenye kujua tukiwa hatujui.

Mas-ala haya yalipita katika nyumba yetu wenyewe, na wenyewe wameturidhia tuyasimulie. Mkaza mwana wetu ni mwalimu wa shule. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2007, yampa mzazi wa kike likizo ya miezi mitatu na wa kiume wiki mbili. Miezi mitatu ilipokwisha alirejea darasani, na mjukuu wetu akabaki na nyanyake, mama watoto wetu. Alipofika miezi minne, mtoto akaanza kuamka mara tatu usiku, na mchana akawa akimtumbulia macho kila mwenye kula. Nyanya akaona hizo ni dalili za njaa. Akapika uji wa wimbi, laini, wenye sukari kidogo, akampa kwa kijiko. Mama mtu aliporudi alasiri alikikuta kibakuli. Hakusema neno. Akakiosha, akakifunika, akaingia chumbani mwake.

Siku tatu nyumba ilikuwa na ukimya ambao ni mzito kuliko kelele. Mkaza mwana alikula chumbani. Nyanya alisema ameona anaambiwa hajui kulea, naye ameshalea. Na mwana wetu, baba wa mtoto, alikuwa akitoka alfajiri na kurudi usiku, kana kwamba jambo halimhusu. Usiku wa tatu alitujia barazani akauliza: "Baba, sheria yasemaje? Nani mwenye haki kati yao?" Tukamjibu kuwa aya haikumtaja mavyaa wala mkwe, imewataja wawili, na mmoja wao ni yeye. Kama yeye na mkewe hawajakaa wakashauriana, basi haki haijaanza kutafutwa.

Baada ya Isha tulikaa sote. Nyanya alisema kwanza, kwani ndiye mkubwa: "Mimi nimewalea sita kwa uji wa miezi minne, na wote wazima. Na kliniki ndiko nilikofundishwa." Mkaza mwana akasema kwa adabu: "Mama, nami kliniki ndiko nilikofundishwa. Wameniambia miezi sita." Akakifungua kijitabu cha mama na mtoto kinachotolewa na Wizara ya Afya, akatuonyesha.

Hapo ndipo penye fundo la nyumba nyingi, nasi twataka kulifungua taratibu. Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani lilielekeza kwamba mtoto aanzishwe chakula kati ya miezi minne na sita, na mama zetu waliozaa zama hizo ndivyo walivyoambiwa. Mwaka 2001, baada ya wataalamu kuzipitia tafiti zilizokuwapo, mwongozo ulibadilishwa: maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita, kisha chakula cha nyongeza pamoja na ziwa hadi miaka miwili au zaidi. Kwa hivyo nyanya hakusema uongo, wala mkwe hakuleta uzushi. Elimu iliongezeka baina ya uzazi wa mmoja na uzazi wa mwingine.

Sisi Mashafi si wageni wa jambo kama hili. Imamu wetu Shafi (Rahimahullah) alikuwa na kauli zake za Iraq, na alipohamia Misri akapata aliyoyapata, alirejea katika baadhi yake akasema jingine. Twaziita kauli ya kale na kauli mpya. Hakuna mwanafunzi anayemdharau Imamu kwa ile ya kale, wala anayeiacha ile mpya kwa kumwonea haya ya kale. Tulipomwambia hivyo mama watoto wetu, alicheka kidogo, na ukimya wa siku tatu ukaanza kulegea.

Kwa nini basi miezi sita? Tumewauliza wauguzi na madaktari, na haya ndiyo tuliyoyafahamu. Tumbo la mtoto mchanga na figo zake bado ni dhaifu, na maziwa ya mama ndani yake mna kinga dhidi ya maradhi. Kila kijiko cha uji, kila kikombe cha maji, huja na hatari ya vijidudu vinavyoleta kuharisha. Na hapa petu, ambapo nyumba nyingi zategemea maji ya visima na ya kununua kwa madumu, hatari hiyo si ndogo. Tena uji mwepesi hulijaza tumbo kwa maji. Mtoto akashiba, akapunguza kunyonya, na ziwa lisilonyonywa hupunguza maziwa. Ndipo mama huambiwa, "si umeona, maziwa hayamtoshi," ilhali uji wenyewe ndio uliyoyapunguza.

Watu wa pwani husema: jua hili la Mombasa, mtoto asipewe hata maji? Jibu ni kwamba takriban asilimia 88 ya maziwa ya mama ni maji. Joto likizidi, mtoto anyonye mara nyingi zaidi, na mama ndiye anywe maji kwa wingi.

Na kilio cha usiku si lazima kiwe ni njaa ya uji. Mtoto huamka kwa joto, kwa gesi, kwa kutaka kuwa karibu na mama, au kwa sababu anakua kwa haraka wiki zile na ataka kunyonya zaidi. Kumtazama mwenye kula nako ni kutamani kujua tu, kwani hata funguo na simu huzitazama vivyo hivyo. Dalili za kweli ni hizi: aweze kukaa kwa kuegemezwa na shingo imesimama imara, aweze kutazama chakula, kukishika na kukileta kinywani, na aweze kumeza, si kukisukuma nje kwa ulimi. Mama watoto wetu mwenyewe alikiri kwamba nusu ya ule uji ulimwagikia kifuani. Ulimi ulikuwa ukisema "bado". Dalili hizi kwa watoto walio wengi hukusanyika karibu na miezi sita.

Na la ajabu ni kwamba Ibnul Qayyim, aliyefariki Damascus mwaka 1350, katika kitabu chake cha hukmu za mtoto mchanga, Tuhfatul Mawdud, alielekeza mtoto aachwe na maziwa tu hadi meno yaanze kuota, kwa sababu ya udhaifu wa tumbo. Baada ya hapo apandishwe ngazi kwa ngazi, kutoka mkate uliolowekwa hadi mchuzi, kisha nyama iliyosagwa vyema. Meno huota kwa nyakati tofauti, lakini wengi huanza karibu na mwezi wa sita. Wenye jicho la makini hukutana njiani, hata wakitofautiana zama.

Patazuka swali la tahniki. Je, si chakula? Imethibiti kwamba Asmaa binti Abi Bakr (R.A.) alipojifungua Abdullahi bin Zubeir huko Quba, alimleta kwa Mtume (S.A.W.), naye akatafuna tende, akamsugua mtoto kinywani na kumwombea baraka. Ni sunna, na wanavyuoni wetu wamesema tahniki na dawa havimtoi mtoto katika hukmu ya asiyekula, kwa kuwa havikusudiwi kumlisha. Basi ifanywe kwa adabu yake: ulaini kidogo tu wa tende, kwa kidole kisafi, na mtu mwenye afya. Asipewe kipande, kwani chaweza kumkaba.

Ila tunatahadharisha kuhusu asali. Wako wanaofanya tahniki kwa asali, na wako wanaomlambisha mtoto asali kila siku kwa kuwa Qur'ani imeitaja kuwa ndani yake mna ponyo. Hilo ni haki tupu. Lakini ponyo lina mahali pake na umri wake, na hata maji matamu humdhuru aliyekatazwa na tabibu. Madaktari wameeleza kwamba asali huweza kubeba mbegu za kijidudu ambacho, katika tumbo la mtoto wa chini ya mwaka mmoja, hutoa sumu inayolegeza misuli hata kuzuia pumzi. Basi asali ingoje mwaka utimie. Tende ipo, nayo ndiyo iliyotajwa katika hadithi.

Tumeona pia jambo hili katika mwezi wa Ramadhani. Baadhi ya akina mama humwanzisha mtoto uji mapema ili waweze kufunga. Dada yetu, dini haikukulazimisha hivyo. Mwenye kunyonyesha akihofia juu ya mtoto wake ameruhusiwa kula. Katika madhehebu yetu atalipa siku hizo, na kwa kila siku atatoa kibaba cha chakula kwa maskini. Usinunue funga kwa maziwa ya mwanao ilhali Mola amekupa ruhusa.

Tukisisitiza kutoharakisha, twasisitiza pia kutochelewesha, kwani hilo nalo ni kosa. Baada ya miezi sita maziwa peke yake hayatoshi. Akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo mtoto huwa imepungua, na akikosa chakula hudumaa na kuishiwa damu. Mwezi wa sita ndio pia mtoto hupewa kliniki matone ya vitamini A, basi safari hiyo na iwe ukumbusho. Aanze na vijiko viwili vitatu vya chakula kilichopondwa, kizito kiasi cha kutomwagika upesi kijikoni, mara mbili au tatu kwa siku, na kiongezwe hadi nusu ya kikombe. Kuanzia miezi tisa apewe mara tatu au nne, na kiwe kigumu zaidi kidogo. Wala si lazima kwenda dukani kununua mkebe. Viazi vitamu, boga, ndizi, parachichi, papai, kunde zilizopondwa, mchicha, yai lililoiva, maini, na samaki aliyetolewa miiba yote: hivi vyote Mola ametuwekea karibu. Uji nao usiwe maji na sukari; utiwe maziwa au njugu zilizosagwa laini. Na ziwa liendelee.

Hapa twageuka kwa akina baba. Aya imekuwekea wewe riziki ya mama anyonyeshaye. Mama asiyekula vyema huchoka, na aliyechoka hukubali lolote litakalomnyamazisha mtoto. Basi mayai na samaki ni juu yako, na kuamka usiku kumbeba mtoto hakukupunguzii uume, Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akihudumia watu wa nyumbani mwake. Na mama yako akitofautiana na mkeo, usimwache mkeo asimame peke yake. Neno la kukataa, likitoka kwa mwana kwa upole, hupokewa; likitoka kwa mkwe huitwa jeuri.

Katika nyumba yetu mwana wetu alisema neno hilo mwenyewe usiku ule, kwa kuupiga busu mkono wa mama yake kwanza. Wakaridhiana kuwa mtoto atangoja. Mkaza mwana akawa akikama maziwa kwa mkono alfajiri, kwenye chombo kisafi chenye kifuniko, na kuyaweka jokofuni, ambamo hukaa hadi siku nne. Kazini alimwendea mwalimu mkuu, kwani sheria ya afya ya mwaka 2017 yawataka waajiri watenge mahali pa kunyonyeshea, akapewa chumba kidogo. Nyanya akawa ndiye mlinzi wa maziwa, akiyanywesha kwa kikombe kidogo, na ahadi aliyopewa ni kwamba miezi sita ikitimia, chakula cha kwanza atakipika yeye. Ikatimia, akapika boga. Mjukuu alikunja uso, kisha akafungua kinywa kutaka tena.

Nyumba kama hiyo si moja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 60 ya watoto wa Kenya walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake. Mwaka 2008 hadi 2009 walikuwa asilimia 32 tu. Hatua imepigwa, lakini wanne katika kila kumi bado wapewa kingine.

Na wako wenye udhuru. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, mama mgonjwa au anayetumia dawa nzito, mtoto ambaye uzani wake haupandi katika kijitabu chake: hawa mas-ala yao ni ya daktari, si ya jirani wala ya darsa. Mama aliyeshindwa kunyonyesha asisimangwe, kwani Mola haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, na neno hili limetajwa katika aya ile ile.

Basi enyi wazazi, kabla ya kuinua kijiko, ulizaneni mambo matatu: je, miezi sita imetimia? Je, mtoto mwenyewe ameonyesha dalili? Je, sisi wawili tumeridhiana, na mkubwa wetu tumemshirikisha kwa heshima? Yakijibika yote, semeni Bismillahi na mlisheni.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu katika miili na dini zao, awalipe mama zetu kwa kila tone na kila usiku waliokesha, na azitie nyumba zetu mapenzi na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq.